Programu yangu ya bei za ndizi inajifunga kwa wateja, kwangu inapiga kazi. Ni JSON, ni seva au ni saa?

#1 Tenga Tupu
Wakuu, salama? Naombeni macho yenu.

Nina programu ndogo ya Android, nimeiandika kwa Kotlin. Inavuta bei za mazao kutoka kwenye seva na kuzipanga kwenye simu. Upande wa simu ni mimi (Retrofit ya kuvuta data, Gson ya kuisoma), upande wa seva ni jamaa yangu, anaandika PHP. Jibu la seva linakuja kwa JSON (data iliyoandikwa kwa mabano na majina), hivi, namba ni za mfano tu:

{"soko":"Mabibo","tarehe":"2025-02-18","bei":{"ndizi":{"kipimo":"mkungu","chini":12000,"juu":20000}}}

Watumiaji hawafiki hamsini, nimewarushia APK (faili la kusakinisha) kwa WhatsApp, dukani haipo. Kwangu wiki ya tatu hii haijakohoa. Kwa wateja malalamiko ni ya aina mbili: wengine inajifunga ghafla, wengine inawaandikia "Hakuna mtandao", na hayo malalamiko wananitumia kwa WhatsApp wakati huohuo! Wengi wanataja "saa 3". Nimekaa na simu mkononi saa 3 siku mbili mfululizo, hola. Jamaa wa seva anasema seva iko sawa, tatizo ni simu. Mimi nasema simu iko sawa, tatizo ni seva. Nani muongo?

#2 Kibatari
Rahisi hiyo. Unatumia http badala ya https. Android 9 ya mwaka 2018 ilipiga marufuku http tupu. Simu yako itakuwa ya zamani, za wateja ni mpya. Weka usesCleartextTraffic kwenye manifesti, ulale.

#3 Mabano
Kibatari umewasha upande. Marufuku hiyo haiangalii simu peke yake, inaangalia na targetSdk ya programu (toleo la Android inalolenga): ukilenga 28, yaani Android 9, kwenda juu ndipo http inazuiwa bila ruhusa. Na ingekuwa hiyo, kwenye simu hizo isingefungua hata siku moja. Huyu anasema saa 3. Http haina saa.

Mleta mada, tupia logi (kumbukumbu ya makosa) ya simu ya mteja. Bila logi tunapiga ramli.

#4 Tenga Tupu
Ni https tangu siku ya kwanza. Logi naifuata kesho, kuna mteja anakaa jirani.

#5 Jongoo Mwendo
Mimi nahisi unavuta data kwenye uzi mkuu, ule unaochora skrini. Mtandao ukiwa mzito skrini inaganda, Android inaiua programu.

#6 Bi Nukta
Jongoo, tangu Android 3.0 ukigusa mtandao kwenye uzi mkuu unatupiwa NetworkOnMainThreadException papo hapo, mtandao uwe mzito au mwepesi. Angeiona kwenye simu yake siku ya kwanza. Retrofit yenyewe ukitumia suspend inapeleka kazi pembeni bila kuambiwa.

#7 Mzee wa Vichekesho
Kwa hiyo sisi hapa tuko kwenye uzi mkuu au wa pembeni? Maana naona umeshaanza kuganda.

#8 Mzee Antena
Vijana, nami nichangie. Niulizieni simu za hao wateja ni za umri gani. Simu zilizo chini ya Android 7.1.1 hazijui mzizi mpya (cheti mama) wa Let's Encrypt, wale wanaotoa vyeti vya https. Mzizi wa zamani uliisha tarehe 30 Septemba 2021, tangu siku hiyo simu kuukuu zinagoma kuongea na seva nyingi. Kwangu kuna Tecno ya zamani ilikufa kwenye programu tatu kwa siku moja.

#9 Bi Nukta
Shikamoo Mzee Antena. Tarehe ni hiyo, ila Android kuukuu hazikufa siku ile. Let's Encrypt walipata saini ya ziada ya mzizi uleule uliokwisha, na Android haiangalii tarehe ya mwisho ya mzizi iliokwisha kuuamini. Ujanja huo ukawabeba miaka mitatu hivi, mpaka 2024 walipouacha. Kilichokufa 2021 kwa wengi ni kompyuta na seva zenye OpenSSL ya zamani. Tecno yako inawezekana ilikuwa na tarehe mbovu. Betri ikichomolewa simu inarudi miaka ya nyuma, na cheti kinaonekana bado hakijazaliwa.

#10 Mzee Antena
Marahaba mwanangu. Kweli betri yake nilikuwa naibana kwa karatasi ya sigara. Nimekubali nusu.

#11 Pweza wa Kongowea
Habari zenu kutoka Mombasa. Mimi yalinikuta na programu ya samaki. Kwenye simu yangu safi, kwa wavuvi kila kitu kinatokea kitupu: jina tupu, bei tupu. Nilikuja kugundua mimi nilikuwa natumia toleo la majaribio, wao nimewapa toleo la kutoa, na R8 (chombo cha Android cha kupunguza ukubwa wa programu) ilikuwa imebadilisha majina ya sehemu za klasi zangu kuwa a, b, c. Gson inatafuta "bei" haioni, inaweka null (yaani hakuna kitu), inanyamaza. Weka @SerializedName kwa kila sehemu, au iambie R8 isiguse hizo klasi. Nilipoteza wikendi nzima, na mke akaniuliza kama nimeoa hiyo kompyuta.

#12 Mabano
Pweza hiyo ni kweli tupu, na watu wengi imewala. Ila dalili yake ni utupu. Mgonjwa wetu anazimia. Tena angezimia saa zote.

Ingawa Kotlin inaongeza utamu: ukiandika sehemu ni String bila alama ya kuuliza, unadhani umekingwa na null. Gson haipitii mlango wa kawaida wa kuunda kitu, inapenyeza null ndani kimyakimya, na programu inakuja kuanguka skrini mbili mbele mahali ambapo hapana kosa.

#13 Tenga Tupu
Nimerudi na logi ya jirani. Amenipa simu saa 3 hiyohiyo anayoisema, nimechomeka waya, nimenakili mstari wenyewe:

JsonSyntaxException: java.lang.IllegalStateException: Expected BEGIN_OBJECT but was BEGIN_ARRAY at line 1 column 47 path $.bei

R8 sijaiwasha, nimehakikisha.

#14 Mabano
Haya, sasa tunaongea. Hebu tuhesabu pamoja, chukua jibu lako la #1 uhesabu herufi moja moja kuanzia bano la kwanza. Neno "soko" na alama zake linaishia ya 7, nukta pacha ya 8, "Mabibo" inaishia ya 16, mkato ya 17, "tarehe" inaishia ya 25, nukta pacha ya 26, tarehe yenyewe inaishia ya 38, mkato ya 39, "bei" inaishia ya 44, nukta pacha ya 45. Ya 46 ndiyo bano linalofungua bei. Gson imeshalimeza, inasimama ya 47 na kupiga kelele: nilitegemea bano la kupinda, nimepewa bano la mraba.

Kwa hiyo seva yako ilituma "bei":[ badala ya "bei":{

Na najua kwa nini. PHP haina tofauti ya orodha na kamusi, zote kwake ni array. Ikiwa na funguo kama "ndizi", json_encode inaiandika kwa bano la kupinda. Ikiwa tupu, PHP haijui ulikuwa unakusudia nini, inaandika []. Kukiwa na bei, jibu ni zuri. Bei zikiwa hakuna, umbo la jibu linabadilika. Jamaa wa seva aandike (object)$bei pale anapolijaza jibu, utapata {} siku zote.

#15 Kibatari
Au aweke JSON_FORCE_OBJECT amalize.

#16 Mabano
Aweke, halafu orodha zake halali nazo zigeuke kamusi zenye funguo "0","1","2". Kibatari jamani.

#17 Tenga Tupu
Mabano, asante sana, nimehesabu kwa kidole ni kweli kabisa. Nimempigia jamaa, kajibu "sasa kama bei hakuna unataka nikutumie nini?" Tumekaribia kununiana.

Ila swali limebaki: mawakala wanaingiza bei alfajiri, saa kumi na mbili zimeshaingia. Saa 3 bei zinakuwa tupu kwa nini?

#18 Dogo Janja wa Data
Kwa upande wa simu kuna njia ya mkato. Hiyo "bei" umeifanya klasi yenye sehemu ndizi, nanasi, embe, sivyo? Ibadilishe iwe Map<String, Bei>, yaani kamusi ya jina na bei. Gson ikisoma Map ikakuta [] haigombi, inakupa Map tupu. Imeandikwa hivyo ndani yake kwa sababu Map inaweza pia kuja kama orodha ya jozi. Na zao jipya likiongezwa hutahitaji kutoa APK nyingine.

#19 Bi Nukta
Dogo hapo umenifundisha, nimejaribu sasa hivi, imemeza bila kelele.

Lakini jamani hakuna aliyegusa aina ya pili ya malalamiko. Tenga Tupu, naomba uoneshe mahali unapokamata makosa. Nahisi umeandika catch (mtego wa makosa) ya IOException, makosa ya kusoma na kutuma data, peke yake na ndani yake unaonesha "Hakuna mtandao".

#20 Tenga Tupu
Bi Nukta wewe mchawi? Nimeandika hivyohivyo.

#21 Bi Nukta
Si uchawi. JsonSyntaxException ni mjukuu wa RuntimeException, kwa hiyo inaipita catch yako kama haipo, korutini (kazi ya pembeni ya Kotlin) inakufa na programu inajifunga. Hao ni kundi la kwanza. Lakini Gson ikikuta kitu ambacho si JSON kabisa, mfano ukurasa wa HTML, inatupa MalformedJsonException, na hiyo ni mtoto wa IOException. Inaingia kwenye catch yako, na wewe unamwambia mteja hana mtandao. Mtandao anao, tena umemletea takataka.

Kwa hiyo una wagonjwa wawili kwenye kitanda kimoja. Wanaojifunga wamepata []. Wanaoambiwa hawana mtandao, ukichimba logi utakuta maneno ya setLenient(true) mstari wa 1 herufi ya 1. Na usifuate huo ushauri wa logi. Ukiiweka lenient (ilegeze masharti) itakubali HTML kama neno la kawaida, kisha ikugombeze kwamba ilitegemea bano ikapata STRING. Utakuwa umehamisha kosa chumba tu.

#22 Kibatari
Hapa sasa nipeni haki yangu. HTML inatoka kwenye kampuni ya simu! Bando likiisha, ukifungua kitu chochote unaletewa ukurasa wa kununua bando. Mteja bando la siku limekata saa 3 kwa sababu jana alinunua saa 3.

#23 Jongoo Mwendo
Kibatari leo umewaka kweli. Mimi hiyo nimeiona kwa macho, ukurasa wa bando ndani ya programu ya hali ya hewa.

#24 Mabano
Umeiona kwenye http, Jongoo. Kwenye https kampuni ya simu haiwezi kuingiza ukurasa wake katikati bila cheti kugoma, na cheti kikigoma ni SSLHandshakeException. Hiyo nayo ni mjukuu wa IOException, ndiyo, na itaandika "Hakuna mtandao" vilevile. Kwa hiyo ujumbe kwa mteja unaweza kuwa wa Kibatari, ila HTML si ya Kibatari. Halafu mteja asiye na bando ametumaje WhatsApp?

#25 Kibatari
Bando la WhatsApp peke yake. Yapo. Nunua ujionee.

#26 Mabano
...Hiyo sikuifikiria. Endelea kuwaka.

#27 Mswahili wa Maskati
Nawasalimu kutoka Oman. Mkasa wangu mdogo. Ukiunda tarehe kwa String.format bila kutaja lugha, simu ikiwa ya Kiarabu tarakimu zinatoka za Kiarabu. Anwani yangu ilikuwa inaishia ٢٠٢٤ badala ya 2024, seva haielewi, inarudisha tupu. Simu yangu ni ya Kiswahili, sikuona kitu mwezi mzima, wenzangu hapa wote wanalia. Tarehe ya kumpa mashine iandikie Locale.US au ROOT, tarehe ya kumuonesha mtu ndiyo ufuate lugha yake.

#28 Tenga Tupu
Asante Mswahili. Anwani yangu ina tarehe kweli, naichukua kwenye simu ya mteja. Kiarabu hakuna kwa wateja wangu lakini narekebisha.

#29 Dogo Janja wa Data
Ukiwa unarekebisha angalia umeandika yyyy au YYYY. YYYY ni mwaka wa wiki, yaani mwaka ambao wiki hiyo inahesabiwa. Tarehe 30 Desemba 2024 programu yangu ya michango ya harusi iliandika 2025, wajumbe wakasema nimewarusha mwaka ili niwadai ada mpya.

#30 Bi Nukta
Ngoja, anwani ina tarehe ya simu? Basi kuna jambo. Seva za kukodi nyingi zinakaa kwenye UTC (saa ya kimataifa), sisi tuko saa tatu mbele. Kuanzia saa sita usiku mpaka saa tisa usiku simu inasema ni kesho, seva bado iko jana. Simu inaomba bei za tarehe ambayo seva haijafika. Tupu. Na saa tisa usiku kwenye kioo cha simu imeandikwa 3:00. "Saa 3" ya wateja wako ni ya kusoma kioo au ya kuhesabu Kiswahili?

#31 Tenga Tupu
Dah. Mmoja kaandika "saa 3", mwingine "3:10", wa tatu ndiye kasema kwa sauti "saa tatu". Mimi nilikaa saa tatu asubuhi. Lakini saa tisa usiku nani anaangalia bei za ndizi?

#32 Mama Mikungu
Mimi. Samahanini, si mtu wa kompyuta, nimeletwa hapa na kijana wangu. Nauza ndizi Mabibo, hapo Mahakama ya Ndizi. Malori yanashusha usiku, mwanangu. Ukisubiri jua litoke umebaki na mikungu ya kuchagulia. Saa tisa usiku nipo na simu mkononi na tochi mdomoni.

Halafu hiyo bei yenu ya mkungu mnaipataje? Mkungu wa Tukuyu na mkungu wa Bukoba havilingani, na kuna mkungu wa watu wawili kubeba. Kuandika "mkungu" halafu namba moja ni kutuchanganya.

#33 Mzee wa Vichekesho
Mama kaleta kosa kubwa kuliko yote: data yenyewe ni lumbesa.

#34 Mabano
Shikamoo Mama. Umesema kweli.

Bi Nukta, hesabu zako nzuri ila UTC haihitajiki hapo. Mawakala wanaingiza alfajiri. Usiku huo bei ya leo haipo kwa saa yoyote ile, iwe ya UTC au ya Dar. Tupu ingetoka tu. Na ingekuwa hiyo, malalamiko yangetapakaa kuanzia saa sita usiku, si kurundikana penye 3.

#35 Bi Nukta
Nakubali kipande cha kwanza. Cha pili sikubali: malori yanashusha saa ngapi, Mama? Kama ni saa tisa, basi yatarundikana penye 3 kwa sababu watu wanafungua simu penye 3.

#36 Mama Mikungu
Yanategemea njia. Lakini mimi haijawahi kujifunga usiku. Usiku inaonesha za jana, nazielewa. Mimi inanisumbua asubuhi, inasema sina mtandao.

#37 Tenga Tupu
Usiku inaonesha za jana kwa sababu nimehifadhi jibu la mwisho kwenye simu kwa saa kumi na mbili, sivuti upya kama halijapitwa. Nilisahau kuwaambia. Msinipige.

#38 Jongoo Mwendo
Uzi wa posti 37 ndiyo unatuambia.

#39 Pweza wa Kongowea
Hiyo ya asubuhi ya Mama nina mawazo. Seva ya bei poa mnakaa wengi kwenye mashine moja, kila mmoja na kipimo chake. Asubuhi wote wanafungua kwa pamoja, ukipita kipimo seva inatoa ukurasa wake wa HTML wa kuomba radhi. Hiyo ndiyo takataka ya Bi Nukta. Mimi nilikuta yangu inatoa ukurasa huo na namba 200 juu yake, kana kwamba mambo safi. Kabla ya kuchambua angalia Content-Type (aina ya jibu): kama si application/json, usimpe Gson.

#40 Kibatari
Watu hamsini wanaweza kuzidi seva? Hata genge la mihogo linahudumia zaidi.

#41 Dogo Janja wa Data
Au ni onyo la PHP lenyewe. display_errors (kuonesha makosa kwenye jibu) ikiwa imewashwa, PHP ikikuta kitu hakipo inachapa 
 <br /> na <b>Warning</b> mbele ya JSON yako. Jibu linaanza na alama ya mdogo-kuliko, Gson inakufa herufi ya kwanza. Kwenye kivinjari unaona onyo dogo na JSON nzuri chini yake, unasema "mbona ipo".

#42 Tenga Tupu
Jamaa wa seva kalainika, kanitumia picha ya skrini ya logi yake. Mistari ni mingi, huu mmoja unafanana na wa jirani yangu:

[18/Feb/2025:06:07:12 ... "GET /bei/Mabibo/2025-02-18" 200 48

Iko 06:07. Kwa hiyo hakuna cha saa 3 wala nini?

#43 Mabano
Acha saa kwanza, angalia hiyo 48 ya mwisho. Ni ukubwa wa jibu kwa baiti. Tulifika herufi ya 46 kwenye bano la mraba. Ongeza la kulifunga, 47. Ongeza bano la kupinda la mwisho, 48. Hilo ndilo jibu tupu lenyewe, halina hata herufi ya ziada. Tumeikamata seva mkono ukiwa kwenye sufuria.

Sasa saa. 06:07 ya UTC kwa Dar ni 09:07, yaani saa tatu na dakika saba asubuhi.

#44 Bi Nukta
Sawa, saa tatu asubuhi bei ziliingia tangu alfajiri, kisha zikawa tupu. Kuna kitu kinazifuta. Muulize jamaa kama ana cron (kazi ya seva inayojiendesha kwa ratiba).

#45 Tenga Tupu
Anayo. Inafuta bei zote kisha inazipakia upya kutoka kwenye karatasi za mawakala, inachukua kama dakika kumi. Lakini anasema aliipanga usiku, watu wamelala. Kaniandikia: 0 6 * * *

#46 Mabano
😂😂😂 Saa SITA usiku!

#47 Jongoo Mwendo
Sijaelewa kicheko.

#48 Mabano
Kichwani kwake ni saa sita usiku, kaandika 6 (tarakimu ya pili ya cron ni saa). Mashine haijui saa ya Kiswahili, 6 kwake ni saa kumi na mbili asubuhi. Ya UTC. Kwetu ni saa tatu asubuhi, soko limechangamka, yeye anafuta bei.

#49 Tenga Tupu
Nimemuuliza, kakasirika. Anasema yeye si mtoto, anajua saa, aliandika 6 kwa makusudi kwa sababu seva iko Marekani na alipiga hesabu ya usiku wao.

#50 Bi Nukta
Kama seva iko Marekani, UTC tumeitoa wapi? Mimi ndiye niliyeitaja #30, nikasema "nyingi", Mabano akaichukua kama imeandikwa. Tenga Tupu, hiyo picha umeikata. Baada ya 06:07:12 huwa pana alama ya kujumlisha au kutoa na tarakimu nne. Tupe.

#51 Tenga Tupu
-0600

#52 Mzee wa Vichekesho
Naenda kununua karanga.

#53 Bi Nukta
Basi 06:07 yao ni 12:07 ya UTC, na 15:07 ya Dar. Saa tisa alasiri. Kwenye kioo cha simu, 3:07. Jirani yako alikupa simu mchana?

#54 Tenga Tupu
Mchana, baada ya chakula. Yeye anasomaga kioo. Sasa hivi ndiyo naunganisha.

#55 Mabano
Mimi bado nasema ni saa ya Kiswahili iliyoingia kwenye cron, hayo ya usiku wa Marekani kayatunga baada ya kubanwa. 6 asubuhi yao si usiku. Ila tunaweza kumpima bila kubishana: kama seva inafuata saa za katikati ya Marekani, tarehe 9 Machi 2025 wanasogeza saa mbele. Cron ileile itakimbia saa nane mchana kwetu. Malalamiko yakihama kutoka 3 kwenda 2, seva imejitaja.

#56 Kibatari
Asisubiri Machi, aihamishe leo cron iende saa saba usiku yetu, na huyo jamaa aingize bei mpya kabla ya kufuta za zamani, vyote ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata. Hapo hata ikikimbia mchana hakuna atakayeona tupu.

#57 Mabano
Leo Kibatari kamwagiwa mafuta ya taa mapya. Naunga mkono.

#58 Mama Mikungu
Mmeongea sana na mimi nimewafuata kwa taabu. Lakini yangu haikuwa alasiri wala usiku. Ilikuwa saa tatu asubuhi, nilikuwa nakunywa chai, na bando nilikuwa nimeweka palepale. Ikasema sina mtandao. Hiyo mmeijibu posti ya ngapi?

#59 Pweza wa Kongowea
Ya 39, Mama.

#60 Dogo Janja wa Data
Ya 41, Mama.

#61 Kibatari
Mama, hilo bando lilikuwa la kawaida au la WhatsApp?